Nyumba Inayoshuka na Korongo

Jumatatu, 10 Februari 1947

Shemeji Naftali amesema mbele ya wazee wa ukoo: masika yakinikuta sina nyumba yangu, kihamba, shamba la migomba la marehemu mume wangu Sumari, kinakuwa chake. Mimi na mwanangu Bariki turudi kwa baba yangu kule Kikatiti. Mahali aliponionyesha nijenge ni korongoni. Jabali juu, maji chini, mteremko mkali hata migomba imeinama. Anajua hapajengeki. Mume wangu alikufa vitani Burma — hata kaburi la kulilia sina.

Alhamisi, 20 Februari

Fundi Hatibu amekuja kutoka mjini. Alipatazama mahali, akavua kofia, akasema tuchimbe kwanza tusawazishe. Nikakataa. Udongo huu ukikatwa hushuka, nimeuona tangu nilipoolewa hapa. Nikamchorea chini kwa kijiti: chumba cha juu kiegemee jabali, cha pili kishuke kama ngazi, cha mwisho kisimame juu ya nguzo, maji yapite chini yake. Paa lilale kama mlima ulivyolala. Aliuzunguka mchoro mara mbili.

"Mama Bariki," akasema, "sijawahi kujenga nyumba inayoshuka."

Lakini hakuondoka.

Jumatano, 12 Machi

Watu wanasimama njiani kucheka. Zizi la mbuzi, wanasema. Mwinjilisti ameniuliza kwa upole kama huzuni imenizidi kichwani. Labda. Usingizi sina. Nikifumba macho naona kila kitu kinateleza, na Bariki ndani. Mlima Meru hauonekani leo, mawingu yameshaziba. Ee Mungu, paa bado!

Ijumaa, 28 Machi

Tumehamia. Hatibu alipigilia debe la mwisho la paa, mvua ikaanza. Maji yalipita chini ya sakafu, nikayasikia yakienda zake. Bariki alilala kifudifudi akiyachungulia katikati ya mbao.

Mgeni ni mmoja tu, mama mkwe, na mkungu wa ndizi kichwani. Akapapasa ukuta. Alikaa mpaka mvua ikakatika. Alipoondoka nililia.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tu. Njia ya Nkoaranga haipitiki. Naftali amekata ukingo nyuma ya nyumba yake apate kuongeza chumba — masika haya haya! Nilimtuma Eunike, mkewe, amwambie udongo utashuka. Jibu likarudi: aliyejenga juu ya fito asimfundishe mtu kukaa chini.

Jumapili, 20 Aprili

Ukingo wa Naftali umeshuka asubuhi, wakati wa kujiandaa kwenda kanisani. Nyumba yake imejaa tope mpaka madirishani. Wametoka wote hai, wamekuja kwangu: yeye, Eunike, watoto wao, mama mkwe, na majirani wa chini. Naftali alisimama mlangoni akilowa, hakuomba. Nikamwambia, ingia shemeji.

Sikuweza kumrudisha mtu. Lakini nyumba hii niliipimia mimi na Bariki.

Mchana nguzo ya korongoni imelia kama mfupa unaovunjika. Nimewasukuma wote chumba cha juu, penye jabali. Hawaenei. Wengine wako kwenye ngazi, wengine bado chini. Nje hakuna njia tena, ni tope linalotembea.

Naftali ameshuka kuishikilia nguzo kwa bega. Maji yako kifuani. Anapaza sauti kuniuliza nguzo imefungwa wapi, nami namwelekeza kupitia nafasi ya mbao. Naandika huku nimepiga magoti hapa, nisipoandika nitapiga yowe.

Sasa anasema: "Shemeji, punguza watu."

Niwapeleke wapi?

Mama mkwe amemsikia mwanawe. Anajifunga kanga taratibu. "Mimi nimeshaishi," anasema. Nimemshika kwa mkono wa kushoto. Anavuta. Mzee, lakini ana nguvu. Watoto wote wanatutazama. Anavuta tu kuelekea mlangoni, kwenye tope —