Mmoja Aliniuliza Kama Nimeua, Mwingine Ananiita Dokta

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla hasira hazijaniamulia.

Nina miaka thelathini na miwili, nakaa Belen, mji mdogo kusini mwa Albuquerque, na jeshini nilikuwa mganga wa kikosi, yule anayekimbilia majeruhi risasi zikiwa bado zinalia, na unavyojua kikosini mganga haitwi kwa jina wala cheo, anaitwa Dokta, ila hawakuiti hivyo siku unayofika, wanakuita siku wanayoiona mikono yako ikifanya kazi, na mimi wa kwanza kuniita alikuwa Sajini Haskett, kalala chini, nimemkaba mguu asiishiwe damu. Sasa nina shahada ya kwanza, serikali itanisomesha udaktari kwa sababu nililitumikia jeshi, nimekubaliwa vyuo viwili, na hapo ndipo pana moto.

Kimoja ni chuo cha jimbo, karibu na nyumbani, ambako serikali inalipa karo yote, lakini kwenye usaili profesa mmoja aliniangalia kuanzia viatuni akaniuliza, “Ulipokuwa huko, uliua mtu?” Nikamwambia, “Nilikuwa nafunga majeraha, bwana.” Akatabasamu, “Basi asante kwa utumishi wako,” kana kwamba nimemshikia mlango wa duka. Nilitoka bila kuaga, na waliponipigia simu kwamba nimepata nafasi, nilitaka kuwatukana.

Cha pili ni cha watu binafsi, kisiwani huko Karibi, na Haskett sasa ameajiriwa nacho kutafuta wanafunzi waliotoka jeshini. Huko serikali italipa sehemu tu, iliyobaki nikope. Haskett anasema, “Dokta, huku hakuna wa kukuuliza upuuzi. Sisi hatumwachi mtu wetu nyuma. Saini, twende.” Mume wangu Ruben, ambaye hajavaa gwanda hata siku moja, alikuwa uani anachoma pilipili, aliposikia akasema, “Hivi wewe ulitoka jeshini, au jeshi limehamia jikoni kwangu? Bado unapokea amri?” Nikamwambia anyamaze, hajui maana ya kushika mshipa wa mwenzako. Tangu Jumapili hatusemeshani, na wiki hii natakiwa kujibu vyuo vyote viwili. Nimekosea kuwachagua wanaoniheshimu?

Dokta, Belen

*

Dokta wa Belen,

Hukukosea kukasirika. Profesa huyo ni mpumbavu. Nimeandika habari za wanajeshi waliorudi nyumbani kwa miaka mingi, na swali lake nimelisikia harusini, kwa vinyozi, hata kwenye foleni ya kununua mikate ya burito. Kulisikia kwa mtu anayechagua madaktari ni aibu, na aibu hiyo ni yake. Sasa nieleze: yeye amekosa, kwa nini adhabu uitumikie wewe kisiwani?

Kazi yangu ni kuuliza, kwa hiyo nilikipigia simu hicho chuo cha kisiwani. Niliwaambia ukweli, kwamba mimi ni mwandishi wa gazeti, mama mzee mwenye magoti mabovu, sijawahi kushika bunduki wala sindano. Kijana aliyepokea akasema, “Karibu sana, Dokta!”

Nikamuuliza: kati ya wanaoanza mwaka wa kwanza, wangapi hupata nafasi ya mafunzo katika hospitali za hapa nchini?

“Swali zuri sana hilo, Dokta.”

Nikalirudia.

“Kuna mwenzangu atakupigia, Dokta.”

Bado nasubiri. Umeelewa, mwanangu? Jina ulilopewa na mtu aliyekuwa anakufa, wao wanaligawa kwenye simu kama peremende. Hiyo ndiyo heshima unayotaka kuikopea.

Sisemi Haskett ni mwongo. Huenda anakiamini anachokiuza. Lakini hajakueleza kwamba miezi ambayo serikali inakulipia masomo ina hesabu, na ikishatumika hairudi. Ukikwama huko mwaka wa pili utarudi Belen na deni, bila udaktari, na kwenye nafasi uliyoidharau ameshakaa mwingine. Na acha kujiona msaliti. Deni la ule mguu analo yeye kwako, si wewe kwake.

Fanya hivi. Leo, kabla hujala, piga simu chuo cha jimbo useme unakubali. Nafasi ikishathibitishwa, nenda kwa mkuu wa chuo, mtaje profesa kwa jina na ulirudie swali lake neno kwa neno, kisha udai asimsaili tena mtu yeyote aliyetoka jeshini. Ukinyamaza, atamuuliza anayekufuata.

Ruben muombe radhi. Alisema vibaya, lakini aliona sawasawa: unatii amri za Haskett, mtu ambaye cheo chake kilibaki langoni mwa kambi siku mliyotoka jeshini. Wewe ni raia. Yeye ni raia mwenye kitu cha kuuza.

Kwa hiyo usimngoje akupigie. Mpigie wewe, na usimwite Sajini. Akikuambia usaini, mjibu, “Hapana, Haskett.” Kisha muulize mguu unaendeleaje.