Neno la Vandorme Kinywani Mwangu

Wengi wanaotaka kuondoa jina baya shuleni hukosea pa kuanzia. Hukimbilia kibao cha langoni, wakagombania rangi na herufi na jina jipya, kana kwamba jina hukaa kwenye bati. Wasomaji wa gazeti hili, someni barua hii ya mwalimu wa Gitambi, kisha nitawaeleza kwa nini imenikasirisha, nami ni mzee nisiyekasirika upesi.

*

Mzee Munyemana mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada kwa sababu Ijumaa kuna mkutano na sijui niingie na nani. Jina langu usilifiche, maana neno nitakaloliandika hapa linaitwa na mtu mmoja tu katika shule nzima, na mtu huyo ni mimi.

Nafundisha Kifaransa katika shule ya wazazi iitwayo École Vandorme, huyo Vandorme alikuwa inspekta wa shule wakati wa Wabelgiji, picha yake iko ofisini, na sisi tuliokulia ukimbizini Bukavu, ng'ambo kule Kongo, tuliporudi Rwanda tulilipenda jina hilo kwa sababu lilisikika kama la shule kubwa, na shule yetu inajulikana sekta nzima ya Gitambi kwa mstari wa asubuhi, kengele ikilia watoto mia tatu wanajipanga, mimi naita "Profili", na wote kwa mara moja wanageuka upande, kidevu juu, kimya, kama milango iliyosukumwa na upepo mmoja, tumepata kombe la gwaride mara mbili kwa ajili hiyo, na kwa miaka tisa sikuwahi kuuliza desturi ile ilitoka wapi.

Wiki tatu zilizopita tulifanya yubile ya miaka sabini na tano, nikambembeleza mama yangu, Nyirabahire, mwenye miaka themanini na minne, ambaye tangu turudi hajawahi kuvuka lango lile, kila mara anasema ni miguu, nikamwambia, "Maman, kuja uone batoto benye ninafundisha," akaja na kitenge chake cha misa. Nikaita "Profili", watoto wakageuka, wazazi wakapiga makofi, nami nikamtafuta mama kwa macho ili nione kama amefurahi, nikamwona amesimama katikati ya viti, fimbo imeanguka, amegeuka upande, kidevu juu, macho amefumba, na midomo yake inasema kwa Kifaransa, lugha asiyoijua, "Quarante et un." Msichana mmoja akamcheka bibi huyo, "Muone koko, naye anafanya gwaride," na watu wakampigia makofi, Mzee, walimpigia makofi mama yangu.

Kesho yake tukichambua maharage ndipo aliponiambia. Vandorme alikuja na chuma cha miguu miwili kama cha fundi wa mbao, akamshika kila mtoto kidevu, akasema "profil", akapima pua, akataja namba na kuiandika, ya mama ilikuwa arobaini na moja, na siku hiyo hiyo watoto wakagawanywa mistari miwili, mmoja wa kubaki na Kifaransa, mwingine wa kupewa jembe. Dada yake Mukamana alibaki darasani. Mama alipewa jembe.

Nikasema, "Lakini Maman, si mulizaliwa tumbo moja?"

Akasema, "Tumbo haikukuwa mu daftari yake."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa komite ya wazazi, Papa Straton, nikamwambia jina lile liondoke. Akasema, "Dusabe, jina haiume muntu. Ule mzee alitujengea. Na diplome za batoto betu zitakuwa nini, karatasi ya kufungia karanga?" Nikamwambia, "Kama jina haiume, mbona kitinda mimba yako hukumuita Vandorme?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Wewe uko na kalamu, mwalimu. Sisi tuko na kontrata yako. Ijumaa leta shahidi tumuone kwa macho, tutapiga kura."

Nikamwomba mama aje. Akasema, "Usinibebe ku mkutano. Nilisha angaliwa, inatosha." Sasa nikimtii mama tutashindwa, nikimpeleka kwa nguvu nadhani tutashinda, na tangu yubile nimekuwa nikiita lile neno kila asubuhi kama kawaida. Nifanye nini, Mzee?

Dusabe, Gitambi

*

Dusabe binti yangu,

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu kibao, na kuhusu mdomo wako mstari mmoja, tena wa mwisho. Wiki tatu. Umemwona mama yako amesimama vile, na Jumatatu yake ukaenda ukaita. Kibao kile kilipakwa rangi na watu waliokwisha kufa. Neno lile unalipaka rangi upya wewe, kila siku ya shule, tena kwa sauti nzuri ya mwalimu.

Ngoja nikueleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyofanya miaka arobaini. Mwalimu humtaka mtoto amtazame, kwa sababu ana kitu cha kumwambia. Anayemgeuza mtoto upande hana la kumwambia, wala hataki kutazamwa, anataka pua. Neno hilo ni la mpimaji, halikuwa la mwalimu hata siku moja. Watu wa aina ya Vandorme walipita katika vilima hivi na vyuma vyao, wakaandika kwamba huyu amezaliwa kuamuru na huyu amezaliwa kulima, wakaita maandishi hayo elimu, na maandishi yakaingia katika vitambulisho vya baba zetu. Daftari zile zilitufikisha wapi, sina haja ya kumwandikia mtu yeyote wa nchi hii. Nanyi mnazifanyia gwaride na kupokea kombe.

Papa Straton nitamjibu kwa upole, maana huenda ananisoma. Anasema Vandorme alijenga. Mawe ya shule ile yalipanda kilima juu ya vichwa vya watu wa Gitambi. Inspekta alipanda na daftari. Anasema diplome zitaharibika. Mji huu, Straton, uliitwa Cyangugu, leo tunauita Rusizi. Cheti changu cha ndoa kimeandikwa Cyangugu, na mke wangu hajaniambia hata siku moja kwamba muda wake umekwisha. Wilaya huandika jina jipya, na pembeni huandika lile la awali, basi. Karanga zifungeni kwa kitu kingine.

Nikurudie wewe. Mama yako usimpeleke. Unasema ungeshinda, ungeshinda kwa kumsimamisha tena katika uwanja ule ule, watu wakimtazama ili waamue kama wamwamini. Kwani Vandorme alifanya nini kingine? Maneno ya mama yako ni mafupi na yametimia: ameshaangaliwa, inatosha. Hata habari zake usizisimulie mkutanoni bila ruhusa yake. Na kwa kuwa umeshaniandikia, na ameshaandikwa gazetini, nenda umwombe msamaha. Nami nitamwomba wa kwangu, kwa kuichapa barua hii. Nilifikiri siku mbili kabla ya kufanya hivyo.

Mnataka shahidi? Watoto mia tatu wanashuhudia kila asubuhi mbele ya ofisi. Ijumaa ingia peke yako. Anza kwa kosa lako: waambie ni wewe uliyekuwa ukiita, miaka tisa, na eleza neno lilikotoka. Kisha waombe wanakomite wasimame. Wageuke upande, kidevu juu, macho ukutani. Wewe kaa kwenye kiti, watazame pua, usiseme lolote, na uhesabu polepole hadi arobaini na moja. Sidhani Straton atafika ishirini kabla ya kuuliza, "Sasa unatuangalia nini?" Mjibu kwamba hilo ndilo swali, na ukae kimya. Hapo ndipo mpige kura.

Siwezi kukuahidi kwamba utashinda. Kontrata yako wanayo kweli, na kuna watu ambao wakiona aibu hutafuta wa kumlipiza. Ukishindwa Ijumaa, omba tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Jina jipya lisiwatese: msitafute mtu mwingine mkubwa wa kumtundika langoni, wala usimtundike mama yako. Iiteni Shule ya Gitambi. Kilima hakijawahi kumpima mtu.

Lakini mkutano ni Ijumaa, na shule iko leo. Leo kengele ikilia, usiite lile neno. Waambie watoto wakutazame usoni.