Salamu ya Mama Njiani

Mjukuu wangu Sabra,

Shikamoo yako imefika huku Mkunazini, marahaba. Bibi yako mguu wake umepoa, na mdogo wako keshahitimu Kurani. Soma, usiwe na wasiwasi nasi.

Umeniuliza kama nayajuta maneno yangu ya ujanani. Nilisema barazani, mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa, kwamba na sisi tuulizwe nani atuongoze. Nikafungwa miezi sita na kazi ngumu. Habari za kazi yenyewe sikuandikii.

Siku moja tulipelekwa kufyeka majani kando ya barabara, karibu na kwetu. Tulikatazwa kusema na mtu. Majirani walipita wakitazama upande wa pili. Mara mama yangu akatokea na kapu lake la sokoni, akasimama mbele yetu.

"Assalaamu alaykum."

Tukanyamaza. Mama hakuondoka. Salamu lazima ijibiwe, na askari jela aliyetusimamia alikuwa Muislamu kama sisi. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Waalaykumu ssalaam, mama." Ndipo mama akenda zake.

Kwa dini, mmoja akijibu amewatosha wote. Siku ile nikaona kuwa hata aliyetushikia bunduki amelelewa nyumba kama yetu.

Mama alifariki kabla sijatoka. Ya barazani siyajuti, Sabra. Ninachojuta ni kwamba mama yangu alinisalimia, nami nikamwachia mtu mwingine amjibu.

Babu yako