Trei Mia Tatu na Futi Kumi na Saba

Jumapili, 9 Januari 2011

Inchi saba za theluji tangu jana. Wanafunzi wamerudi kutoka likizo, na wamerudi bila hela, kama kawaida yao. Leo kilimani kwangu wamekuja sitini na mmoja. Sikuhesabu vichwa, nimehesabu trei za kutelezea: zimetoka sitini na moja, zimerudi hamsini na tisa. Mbili zitarudi kesho. Huwa zinarudi.

Masharti ni yaleyale. Senti sitaki. Kila mtu anashika beleshi dakika kumi, anashindilia theluji kwenye njia ya kutelezea, ndipo anapewa trei na kipande cha mshumaa cha kuipaka chini. Hakuna aliyewahi kugoma, ila yule kijana wa falsafa, naye aligoma huku anashindilia.

Binti mmoja amekuja na daftari. Pa Houa Vang, mwaka wa pili, Mhmong, watu wenye asili ya Laos, kwao Saint Paul, wazazi wanauza mboga sokoni. Anaandikia gazeti la wanafunzi: raha za mji huu kwa chini ya dola tano. Akanisomea alizokwisha kuzipata. Sinema ya Jumanne nusu bei. Kuangusha pini kwa tufe Jumatano mchana, viatu bure. Samaki wa Ijumaa kwenye ukumbi wa maveterani wa vita — hapo nikamkatiza. Sahani sasa ni dola tisa, binti, umenakili bei ya mwaka gani? Kaa kaunta, agiza mkate uliotiwa samaki, tatu na nusu, kabichi wanakuongezea. Akauliza kuhusu bahati nasibu ya nyama. Jumamosi saa nane mchana, dola moja tiketi. Niliwahi kushinda nusu nguruwe wakati sina hata friza. Akaliandika hilo nalo!

Halafu akauliza trei nimezitoa wapi.

Nikamwambia. Nimeziosha miaka ishirini na mitatu kwenye jiko la chuo. Zamani theluji ya kwanza ikianguka walikuwa wanaziiba, wanateleza nazo hadi asubuhi, zinarudi zimekwaruzika, nami naosha. Mwaka 2008 chuo kikaondoa trei zote. Kuokoa maji, walisema, kuokoa dunia. Waosha vyombo tulikuwa tisa, tukabaki wawili, na mimi sikuwa mmoja wa hao wawili. Trei zikatupwa kwenye mnada wa vitu chakavu. Nikanunua mia tatu na kumi na mbili, senti ishirini kila moja. Kilima nilikuwa nacho tayari: hakilimiki, hakikatiki nyasi, hakuna mwingine aliyekitaka.

"Kwa hiyo walikuachisha kazi, ukanunua kazi," akasema Pa Houa.

Ana ulimi huyu.

Jumatano, 12 Januari

Gazeti limetoka. Mimi ni namba moja! Juu ya sinema, juu ya samaki. "Kilima cha Bi. Verna, nyumba ya kijani, Barabara ya Kiwanda cha Jibini. Gharama: dakika kumi za beleshi." Nimelibandika kwenye friji.

Saa sita simu ikalia. Bwana Prentiss wa chuo, ofisi ya bima na usalama. Sauti laini kama siagi. Trei zina nembo ya chuo, Bi. Kolodziej, tungependa zirudi. Nikasema risiti ninayo, lete lori, nitakuuzia dola moja moja. Akasema wanajali tu usalama wa wanafunzi. Nikamuuliza kama walijali mkono wangu ulipobanwa na mashine mwaka '97. Akakohoa. Akasema chuo kina safari yake rasmi ya theluji, maboya ya hewa ya kutelezea, basi la kwenda na kurudi.

Nimeuliza bei. Dola thelathini na nne! Na fomu ya kurasa tatu ya kukubali kwamba ukivunjika ni shauri yako.

Thelathini na nne kuteremka mlima. Mlima unateremkika wenyewe.

Jumamosi, 15 Januari

Mia moja arobaini na tatu. Sijawahi kuona. Magari hadi kwenye kituo cha posta. Mabeleshi kumi na mawili hayakutosha, wengine wakashindilia kwa miguu, wamekumbatiana mabega, wanaruka kwa pamoja huku wakiimba upuuzi. Kijana mmoja wa Texas, theluji yake ya kwanza maishani, alipofika chini alikaa pale kwenye trei hakutaka kuinuka. Nilidhani ameumia. "Hapana, Mama Trei," akasema, "nafikiria tu." Nikamwambia akafikirie pembeni, kuna foleni.

Mama Trei. Ndio jina sasa. Sikulipenda asubuhi. Jioni nikalizoea.

Kitu kimoja. Saa tisa hivi msichana alipita marobota ya nyasi kavu niliyoyapanga chini. Katikati ya mawili, kama uzi kwenye tundu la sindano. Akasimama ukingoni mwa barabara. Lori la maziwa likapiga honi. Hakuguswa, alicheka, wote walicheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 18 Januari

Barua kutoka halmashauri ya mji. Bi. Gerlach, mkaguzi. Kilima chochote kinachopokea umma lazima kiwe na futi mia moja kutoka chini ya mteremko hadi barabarani. Atakuja Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi, kupima. Pungufu ya hapo, kinafungwa. Kwa majira yote, na yajayo.

Nimetoka na tepu. Thelathini na tatu — hapana, nilianzia robota. Nikarudia. Themanini na tatu. Nikarudia tena nikiwa nimevua glavu. Themanini na tatu.

Futi kumi na saba!

Nani amenishitaki? Prentiss. Au Tollefson, jirani, ambaye tangu 2003 hatujasemezana neno na ua wake unanitazama kila nikifungua pazia. Wote wawili wakafie mbali. Sifungi.

Nimempigia Gerlach. Nimesema nitaongeza marobota. Akasema robota si futi. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, 19 Januari

Pa Houa amekuja na wenzake wanne, wanataka kuandika maombi, kukusanya saini, kuandamana. Nikawauliza: saini mia tano zina urefu wa futi ngapi?

Pa Houa akaenda dirishani. Akaangalia muda mrefu. Akasema, kilima kinaelekea barabarani kwa sababu tumekielekeza sisi. Tukiijenga njia ikapinda kushoto, pale chini, inaingia kwenye malisho ya yule mzee jirani yako. Tambarare tupu. Futi ngapi pale?

Ninajua ngapi. Mia mbili na arobaini hadi ghala lake.

"Basi mwombe, Bi. Verna."

Nikamwambia siku nitakayomwomba Arvid Tollefson kitu, wanizike kesho yake. Wakacheka. Sikuwa natania.

Alhamisi, 20 Januari

Huyu binti! Amekwenda kwa Tollefson mwenyewe, bila kuniambia, na sahani ya sambusa ndefu za kwao alizokaanga bwenini. Amerudi na sahani tupu.

"Amekula zote akiwa amesimama. Nikamweleza kuhusu kupinda njia. Akasema, mwambie aje mwenyewe, ana miguu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema miguu unayo ila ina kiburi."

Nilitaka kumfukuza. Nikamkaangia mayai.

Akauliza tuligombania nini. Nikamwambia: ua. Mwaka 2003 alijenga upya seng'enge yake, nikaona ameingia kwangu. Nilipima kwa tepu yangu, nikapata futi nne. Nikamtukana mbele ya mkewe, Mungu amrehemu mama yule, na mbele ya mtu wa posta. Nikalipa mpima ardhi.

"Akakuta futi nne?"

Nikasema mayai yanaungua.

Nitaliandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma. Mpima ardhi alikuta inchi kumi na nne. Kwangu hazikuingia. Ziliingia kwake. Tollefson alikuwa amejenga ndani ya ardhi yake mwenyewe, amenipa inchi kumi na nne kwa urefu wote wa kilima, na hajui. Karatasi iko kwenye droo ya vijiko, chini ya vijiko. Miaka minane. Mimi, ninayejua hesabu! Nilikuwa nimepima kutoka mti usio wa mpaka.

Ijumaa, 21 Januari

Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Jua kali, halipashi chochote.

Pa Houa akasema sheria ni karatasi, tupime kitu chenyewe: trei inafika wapi kweli? Nani atateleza? Akasema yeye mwepesi mno, hatahesabika. Akanitazama kwa adabu nyingi. Nikamwambia aseme tu.

Miaka sitini na moja. Kilo themanini na nane na buti. Nimeziosha trei hizi miaka yote hiyo na sijawahi kukalia hata moja! Nikakaa, miguu nimekunja, mikono imeshika ukingo.

"Usipige breki kwa visigino, Bi. Verna, utaharibu kipimo!"

"Nyamaza, shika tepu!"

Ee Mungu. Sikujua. Kelele niliyopiga ng'ombe wa Tollefson waligeuka. Kofia ilibaki juu. Robota nililiona likija, likapita, nikawa bado naenda, naenda, na barabara inakua. Nilijitupa pembeni nikabingirika.

Pa Houa akaja mbio na tepu, anacheka, machozi yameganda. Kisha akasoma, akaacha kucheka.

Sabini na moja. Zilibaki futi kumi na mbili kufika lami. Mimi mzee, bila mtu wa kunisukuma.

Mwaka jana walikuwa wanaishia kwenye futi arobaini, nina alama. Nikakaa palepale kwenye theluji nikapiga hesabu. Watu mia na arobaini na tatu, mara dakika kumi. Elfu moja mia nne na thelathini. Saa ishirini na tatu na dakika hamsini za kushindilia, kwa siku moja! Kilima changu si theluji tena, ni sahani ya barafu. Hakuna aliyekifanya hivyo ila mimi na mabeleshi yangu. Kiingilio changu. Niliona ni ujanja mkubwa kushinda dola thelathini na nne.

Na yule msichana wa lori la maziwa. Nilicheka.

Kwa hiyo Gerlach ana haki. Prentiss hana, atabaki kuwa Prentiss, lakini Gerlach ana haki na futi mia ni chache kuliko ambazo ningeweka mimi. Nimebandika tangazo langoni: hakuna kuteleza hadi njia ipinde. Nimeliandika kwa herufi kubwa. Sikuandika "kimefungwa".

Pa Houa akauliza, kwa hiyo utakwenda?

Nikamwambia wawahi kesho saa mbili, na mabeleshi yote wanayoweza kuazima. Hilo halikuwa jibu, akasema. Nikasema najua.

Jumamosi, 22 Januari

Saa tatu na dakika kumi. Naandikia mezani, dirisha mbele yangu.

Wako thelathini na nane huko nje. Hakuna anayeteleza. Wamejenga ukuta wa theluji kwa kona, kimo cha kiuno cha mtu, umepinda vizuri kama ukingo wa bakuli, Pa Houa anawapangia kwa kamba na vijiti. Unaanzia juu, unashuka, unageuka kushoto, na unaishia kwenye seng'enge ya Tollefson. Puu. Kama sentensi isiyokwisha. Kijana wa Texas ameuliza ua utaondoka saa ngapi. Pa Houa amempa beleshi.

Saa tatu na ishirini. Tollefson ametoa trekta. Linakuja kandokando ya ua, polepole, nyuma limebeba nguzo. Sioni kama ni nguzo alizong'oa au anazokuja kuongeza. Wanafunzi wamesimama, mabeleshi mkononi.

Amezima. Ameshuka. Amezeeka, mbona sikuwahi kuona? Anatazama ukuta wa theluji. Pa Houa anamwambia kitu. Sasa anatazama huku, dirishani kwangu, moja kwa moja.

Nitazame tu. Sitakuja kuomba. Sijawahi kuomba tangu nizaliwe na sianzi leo.

Lakini deni la neno si ombi.

Nimetoa vijiko. Karatasi hii hapa, imechukua harufu ya bati. Naiweka mfuko wa kulia. Plaizi ya kukatia waya mfuko wa kushoto, ikihitajika. Isipohitajika, basi.

Gari la halmashauri linaingia langoni, nusu saa kabla ya muda! Mwanamke anashuka na gurudumu la kupimia. Pa Houa ananipungia mkono wote, kama mtu anayezama.

Inchi kumi na nne, Arvid. Nitaanzia hapo. Mbele ya mkaguzi, mbele ya hawa wote thelathini na nane, kama nilivyoanza mbele ya mtu wa posta. Halafu aseme anachotaka kusema.

Buti moja hii hapa. Nyingine —