Shali ya Mama Haijafuliwa

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Nyuma ya Mtambo,
S.L.P. 230.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepoa tangu ulipoandika. Sisi hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo, ila ni vumbi la malori tu, na binti yangu amerefuka mpaka sketi ya shule imemkimbia. Mimi nakula, nalala, naamka.

Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata. Nimechelewa kujibu, na usiisingizie posta, ni mimi. Uliomba kitu kimoja tu: shali ya mama, ile ya kijivu yenye mistari, nikutumie bila kuifua. Uliandika kwamba hukuwahi maziko, basi angalau uipate harufu yake. Nitakueleza yaliyoipata hiyo shali, lakini niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utanichukia kabla hujanielewa.

Mtambo umekamilika. Ulipoondoka kulikuwa na visima viwili vya gesi na uzio wa mabati. Sasa visima ni kumi na kimoja, na pale palipokuwa uwanja wa mpira pamesimama minara ya chuma na matangi meupe. Gesi inatoka ardhini ikiwa na maji na mafuta mepesi, inachujwa, inakaushwa, halafu inaingia kwenye bomba kuu kwenda mijini. Mimi nilianza kwa kuchimba mitaro ya mabomba, nikapanda taratibu mpaka chumba cha harufu.

Labda hujui kwamba gesi iliyosafishwa hainuki kabisa. Ikivuja jikoni mtu hajui mpaka awashe kiberiti. Kwa hiyo kabla haijatoka tunaitia dawa inayonuka kama yai viza lililopondwa na kitunguu kilichooza. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha inanuka inavyotakiwa. Mashine za kupima zipo, lakini utaratibu wa mtambo unataka na pua ya mtu, ndiyo maana kazini wananiita Pua. Kila asubuhi tunawekewa chupa tatu, moja ina dawa na mbili zina maji, tunanusa na kuandika ni ipi. Mama alicheka sana aliposikia mwanawe analipwa mshahara kwa kunusa.

Dada, pua yangu imekufa. Sijui siku yenyewe, ila ni karibu na maziko. Asubuhi moja nilinusa chupa zote tatu nikaona ni maji matupu, na sikusema. Tunapima wawili, na mwenzangu, mama mmoja mcheshi, hunusa kwanza. Akifikia ile yenye dawa, kope ya jicho la kushoto humcheza, na mwenyewe hajui. Nikawa natazama kope. Miezi saba nimefaulu kwa kope ya mtu, na aibu sikuiona. Sikuona chochote. Kwenye maziko watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume. Sikujikaza, Dada. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Baada ya hapo nilihama kambi ya wafanyakazi nikaja kulala chumbani kwa mama. Wifi yako na mtoto walibaki kwa wazazi wake mpaka binti apate nafasi katika shule ya huku. Nguo za mama zilikuwa kwenye sanduku lake la mbao, miguuni mwa kitanda, shali ikiwa juu. Ovaroli za chumba cha harufu tunatakiwa kuziacha kazini, lakini foleni ya kubadilisha ni ndefu na mimi sikutaka kuongea na watu. Nikawa narudi na yangu. Naivua, naikunja vizuri, naiweka ndani ya sanduku juu ya nguo za mama ili chumba kiwe nadhifu, nafunga. Kila siku ya kazi, miezi saba.

Wiki tatu zilizopita wifi yako na binti wakaja, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akamshika mtoto mkono na kuwatoa majirani wote nje. Mtaa mzima ukasimama barabarani, huyu na povu la sabuni kichwani, yule na mwiko mkononi. Wakapiga simu mtamboni. Sasa nifikirie mimi, naitwa na msimamizi, napanda gari la dharura, na dereva anaelekezwa nyumba ya mama yangu.

Walipima jiko, wakapima kuta, mashine ikakaa kimya. Hapakuwa na gesi. Mwishowe msimamizi akafuata pua yake mpaka kwenye sanduku, akainua mfuniko.

"Pua, wewe ndiye unalala humu?"

"Ndiyo."

"Na husikii kitu?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kope, nikakosa. Nikamwambia ukweli.

Hawakunifukuza. Nimepelekwa stoo kupanga nati mpaka daktari aseme, na daktari anasema pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha hakuna siku gesi ilitoka bila dawa. Nimeambiwa nishukuru, nimeshukuru. Mwenzangu amenuna, si kwa sababu nilidanganya, ila kwa sababu sasa akinusa anaifikiria kope yake.

Sasa shali. Nguo nyingine zote wifi yako amezifua mara tatu. Nilitaka na shali niitie majini, niimalize hii habari, akaninyang'anya. "Usiiguse hiyo. Wifi alisema isifuliwe, na wewe umeshafanya ya kutosha." Ameianika siku tisa. Binti yangu akitoka shule huinusa, kisha ananitazama kwa huruma na kusema, "Bado, baba."

Ila kwenye pembe yake moja kuna fundo. Unakumbuka mama alivyokuwa akifunga vitu kwenye pembe ya shali, ufunguo, kidonge, pipi, na jinsi tulivyong'oa kucha tukijaribu kulifungua. Hili nalo alilikaza mwenyewe na halijafunguliwa. Wifi yako anasema ndani kabisa huenda dawa haikufika. Nimelinusa muda mrefu, sikupata kitu. Ndipo nikajaribu kukumbuka mama alikuwa akinukaje, nikashindwa, nikakaa sakafuni. Sikulia. Lakini nilikaa pale mpaka binti akaja kuniinua. Nisamehe, Dada. Uliniomba kitu kimoja.

Shali ninaituma pamoja na barua hii, kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Ifungulie uani, majirani zako nao wasije wakakimbilia barabarani.

Msalimie sana shemeji, mwambie redio yake bado inaongea. Wasalimie wapwa zangu, yule wa miwani na wale mapacha. Wifi yako anakukumbatia, na binti anauliza shangazi atakuja lini. Mungu akutunze huko uliko, akuponye goti, atukutanishe tukiwa wazima.

Lile fundo likate na pembe yake, ingia nalo ndani, ufunge dirisha, ulifungue ukiwa peke yako. Ukimkuta humo, niandikie. Usiniambie tu kwamba ni harufu ya mama. Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hakuwahi kumjua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.