Kifudifudi

Jumatatu, 5 Mei
Makala imekwenda kwa mhariri kabla ya chai. Nimewachapa watetezi wa miiko bila huruma. Woga wa marehemu, nimeandika, tunaurithi kama shamba. Watanitukana. Vizuri.
Vidoa vyeusi jicho la kulia, kama masizi. Vimulimuli pembeni. Nimefuta miwani, nikafuta tena. Havimo kwenye miwani.

Jumanne, 6 Mei
Pazia jeusi linapanda kutoka chini. Jicho la kushoto lilikufa zamani kwa ugonjwa huuhuu. Hili ndilo lililobaki. Naogopa. Basi, nimeandika.
Daktari hapa Mbeya, binti mdogo, hakunibembeleza. Sisi wenye miwani minene jicho letu ni refu. Retina, ule utando wa nyuma unaoona, huvutika mpaka ukachanika. Wangu umechanika na unabanduka. Nilimbishia. Akasubiri nimalize, akaniandikia upasuaji kesho.

Ijumaa, 9 Mei
Daftari liko sakafuni. Naandika kwa kukisia, herufi kubwa.
Wamejaza gesi ndani ya jicho ili iibane retina mahali pake. Gesi hupanda juu, kwa hiyo mimi nitazame chini. Kula, kulala, kifudifudi. Na nisisafiri kwenda mahali palipo juu kuliko hapa. Huko gesi hutanuka na kuliua jicho.
Kwetu Kalenga mtoto halali kifudifudi. Eti anamwitia mzazi wake kaburi. Mama alikuwa akinizaba kofi la mgongo: "Geuka, unanifukia!" Ni mwiko huo niliouchekelea gazetini, pamoja na kofi lake.
Leo nimelisikia tena. Mgongoni. Sijamwambia mke wangu, Rehema.

Jumatatu, 12 Mei
Mama amefariki. Presha, wanasema.
Nami nimelala hivi tangu upasuaji.
Upuuzi. Presha alikuwa nayo miaka mingi. Upuuzi mtupu. Mbona nimeliandika mara mbili?

Jumanne, 13 Mei
Mazishi kesho. Barabara inashuka Chimala, kisha inapanda Makambako, Nyololo, Mafinga. Huko ni juu kuliko hapa. Nimemwambia Rehema afunge begi. Amefunga, analia.
Mdogo wangu Festo kanipigia. "Miiko ya mama uliichana gazetini, kaka. Leo unatii mwiko wa daktari?"
Kanichapa kwa kalamu yangu. Mimi!
Shangazi akampokonya simu. "Baba, pole. Usimsikilize huyu, kichwa chake kimejaa pombe ya ulanzi. Mama yako alitamba kijiji kizima kwamba mwanaye anasoma vitabu vya dunia nzima. Ukija hapa ukapofuka, tutalia misiba miwili. Baki."

Jumatano, 14 Mei
Nimebaki. Najichukia.
Shangazi aliishika simu kando ya kaburi. Nilisikia wimbo, halafu majembe, halafu udongo. Uso wangu sakafuni muda wote. Udongo ulipoanza kuanguka, kiganja kilinigusa mgongoni. Hakikupiga. Kilitulia tu.
Rehema alikuwa nje, anaanika shuka.

Jumamosi, 12 Julai
Kalenga. Gesi imeisha, retina imeshika. Daktari kaniruhusu. Nimemshukuru, hakuamini masikio yake.
Nauona msalaba. Jina la mama nimelisoma mwenyewe. Mabua makavu, vumbi, mbuzi wa jirani. Festo kanileta hadi kaburini, kanikumbatia, kaondoka.
Nikalala chini kando ya kaburi, kifudifudi. Nikangoja.
Hakuna aliyeniambia nigeuke.