Nyumba ya Nafuna katika Picha za Celine

Mshauri mpendwa, nisaidie, kwa sababu mgeni yuko njiani na kwangu hakuna amani. Mimi ni mama yake Celine, ambaye tangu akiwa mdogo analipiwa karo na mama mmoja mzee wa Uholanzi kupitia mradi wa kanisa kule Kibera, na huyo mama sijawahi kumwona, ananitumia tu kadi za Krismasi, lakini bila yeye Celine angekuwa amekaa nyumbani kama watoto wengine wengi. Wakati alipochukuliwa na mradi tulikuwa tunaishi Gatwekera, huko huko Kibera, nyumba ya udongo na mabati, na kila mwaka kijana wa mradi anayeitwa Morris anakuja kumpiga Celine picha mlangoni, inatumwa huko Ulaya. Sasa Mungu akasaidia, mume wangu Dalmas akapata kazi ya kudumu ya kuchomelea vyuma, tukahamia Kawangware kwenye nyumba ya mawe, na mimi nikaogopa kusema, kwa sababu akina mama kanisani walisema kuna mtoto alitolewa kwenye mradi baada ya wazazi wake kununua televisheni, kwa hivyo Morris akipiga simu namwambia tuko pale pale, namchukua Celine tunaenda Gatwekera, anasimama kwenye mlango wa Nafuna aliyekuwa jirani yetu, maana milango ya ile ploti yote inafanana, anapigwa picha, tunarudi kwetu.

Nafuna hajawahi kukataa, ni mtu wa kucheka, hata juzi aliniambia, "Leteni huyo mzungu wenu, bora asinivunjie kikombe." Yeye naye ana binti, Immaculate, rika moja na Celine, aliyeacha shule kwa kukosa karo na sasa anasuka watu nywele, na siku ya picha huwa namwomba asogee kando kidogo.

Sasa yule mama wa Uholanzi anakuja mwenyewe mwezi ujao na anataka kunywa chai nyumbani kwa kina Celine. Nikapanga na Nafuna tumkaribishe kwake, vyombo nilete mimi, Immaculate aende kwa shangazi yake siku hiyo. Nilipomwambia Celine akasema, "Mum, mimi siendi." Nikamwuliza, wewe unajua karo yako inatoka wapi? Akasema, "Najua. Lakini hapo ni kwa kina Imma. Huyo mama akiniuliza nalala wapi, nitamwonyesha wapi?" Babake naye anacheka tu, eti, "Hiyo sinema ni yako, Mama Celine, mimi usiniweke." Januari mtoto anaingia Gredi ya Kumi, shule ya bweni, na peke yetu hatuwezi. Nikisema ukweli atafukuzwa kwenye mradi, nikinyamaza ataniaibisha mbele ya mgeni. Nimlazimishe vipi?

Mama Celine, Kawangware

*

Mama Celine,

Umeuliza namna ya kumlazimisha binti yako. Hilo sitakujibu, kwa sababu katika habari yote uliyonieleza yeye ndiye anayeona vizuri zaidi. Hofu yako naielewa, na hauko peke yako. Acha nikufafanulie kitu ambacho nadhani hujawahi kuelezwa.

Msaada wa aina hii huunganisha watu wasioonana. Mfadhili aliye mbali hawezi kuja kila mara kuona mtoto anaendeleaje, basi hutumiwa picha na maelezo machache, na kwa hayo anaamua kuendelea. Kwa hiyo picha ile ni taarifa. Wewe umeichukua kama cheti cha umaskini kinachofanywa upya kila mwaka. Sikulaumu kwa yote, maana ipo miradi inayopenda kupiga picha matope kuliko madaftari, na wazazi wanajifunza haraka kinachotakiwa. Lakini mama huyu hakutoa fedha zake ili mbaki Gatwekera. Miaka yote hii anautazama mlango uleule, na huenda anajiuliza kama msaada wake unasogeza chochote. Umemnyima habari njema ambayo amekuwa akiigharamia.

Yule mtoto wa televisheni, ulimwuliza nani kwa nini alitolewa? Hukuuliza. Ulisikia maneno baada ya ibada ukayafanya sheria.

Sitakudanganya. Inawezekana mradi ukasema mnaweza kujitegemea. Hilo likitokea litauma, na ni lazima mjiandae: kuna shule za kutwa zisizo ghali kama za bweni, kuna basari za eneo bunge, na kuna baba mwenye kazi ya kudumu ambaye sasa aache kucheka. Lakini mtoto akisema ukweli mbele ya mgeni huku wewe unamimina chai katika nyumba ya watu, hutakuwa na la kujitetea, na Morris, kwa kulinda kazi yake, atakuwa wa kwanza kukukana.

Kwa hiyo wiki hii wewe na Dalmas nendeni ofisini. Semeni mmehama, na useme kwa mdomo wako kwamba aliyeficha ni wewe, wala si mtoto wala Nafuna. Ulizeni kanuni yao hasa ni ipi, na kama mnaweza kuchangia sehemu ya karo. Mkiwa pale pale ulizeni pia mtoto mwingine huombewaje nafasi. Mgeni akija, anywe chai Kawangware, na Celine amwonyeshe anapolala.

Limebaki moja, ambalo wewe umelitaja kama jambo dogo. Unamwondoa Immaculate mlangoni kwao ili asimame mtoto anayesoma, apigwe picha ya kuonyesha jinsi maisha ya asiyesoma yalivyo. Mamake anacheka kwa sababu ni jirani mwema. Usidhani binti naye anacheka.

Nenda kwao kabla ya mgeni kufika, bila Morris. Mwombe msamaha mbele ya mamake. Usimwahidi shule, kwa sababu shule si yako kutoa. Mwulize tu kama angependa kurudi darasani. Watu wa mradi wamefika mlangoni kwake kila mwaka, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza.